Dada Yangu Hajibu Siku Hiyo Hiyo

Nimefua kofia katika miji mingi. Mombasa nilifulia uani kwenye nyumba ya kupanga, Dar es Salaam juu ya paa la ghorofa Kariakoo, na Maskati ndani ya chumba chenye kiyoyozi ambamo kofia zilikauka vibaya, zikawa ngumu upande mmoja na legevu upande wa pili. Kazi hii haitaki duka. Inataka maji safi, wanga uliopikwa vizuri, kalibu ya mti ya kuivalisha kofia ili ishike umbo lake, na jua. Kwa mtu kama mimi, ambaye akimaliza mwaka mahali huanza kuulizia nauli ya kwengine, ni kazi ya kufaa.

Kila nilikokuwa, nikipokea rundo la kofia za watu nilizipekua kwanza kabla ya kuzitia majini. Nilikuwa natafuta mkono wa dada yangu. Kofia za kushonwa kwa mkono Unguja husafiri kuliko wanaozishona, na mimi vitobo vyake navijua: vidogo, vya duara kamili, uzi umekazwa sawasawa pande zote kana kwamba aliyeukaza hakuwahi kushtuliwa na mtu. Maskati iliniangukia moja. Ililetwa na mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, hata hakujua imeshonwa na nani. Alisema anaitaka kwa sala ya Ijumaa. Niliifua siku hiyo hiyo, ikakauka siku hiyo hiyo, lakini nilimrudishia Ijumaa yenyewe asubuhi. Siku zote hizo ilikaa juu ya kalibu karibu na godoro langu.

Dada ni mkubwa kwangu kiasi kwamba nikimwona namwamkia. Hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki, mtoto hakujaaliwa, na wazee wetu wote wawili wametangulia. Tumebaki mimi na yeye. Ninachokiandika hapa ni jinsi nusura tupoteane, sisi tuliobaki wawili. Haukuwa ugomvi wa urithi, wala hatukuchongewa na mtu. Ni kwamba kichwa chake na kichwa changu havifanyi kazi namna moja, na tulichelewa sana kulijua hilo.

Nyumba tuliyokulia iko Mji Mkongwe, katika kichochoro cha Kiponda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Sisi tulikuwa na chini yote: vyumba viwili vyenye dari ya boriti, ua mdogo wenye kisima, na viwambaza ambavyo chokaa yake ilibanduka kila masika na baba akaipaka tena. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya kukodi tangu wakati wa babu. Wenyewe waliitaka siku nyingi, ila watu waliokaa nyumba muda wote huo hawatolewi kirahisi, na hilo walilijua. Walikuwa wanangoja tuchoke.

Kazi tulifundishwa na mama. Dada alipewa kushona, mimi nikapewa kufua. Majirani walidhani ni kwa sababu mimi ni mwanamume, na mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi.

Kofia ya mkono huchorwa kwanza kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, maua yote na mistari yote. Kisha mshonaji hutoboa tundu kwa chuma chenye ncha na kulizungushia uzi ukingoni, moja baada ya jingine, mpaka kofia nzima iwe vitobo. Huchukua miezi. Na tundu likishatobolewa limetobolewa, hakuna namna ya kulirudisha. Dada alikuwa akikaa na kitambaa kitupu magotini siku mbili tatu, hajachora kitu, wageni wakidhani anaumwa. Kumbe alikuwa anaishona yote kichwani. Siku aliyoshika penseli hakuwa na swali tena.

Kufua ni kinyume chake. Wanga ukiwa mzito unaongeza maji, ukiwa mwepesi unaongeza wanga. Kofia ikikaa upande unaichovya upya, unaivalisha, unavuta hapa, unabana pale. Mimi sijui inavyotakiwa kuwa mpaka mikono yangu iifikishe. Na ndivyo nilivyokuwa nikifikiri pia. Nilimfuata mama kutoka jikoni mpaka uani nikisema, "Mama, skuli naiacha, nnakwenda kufanya kazi bandarini. Bandarini hapana, watanipiga. Nasoma mpaka fomu foo kisha nnakwenda Pemba. Lakini Pemba nitakaa kwa nani?" Yeye akikuna nazi tu. Nilipofika mwisho aliniuliza lipi katika hayo, na kwa wakati huo kweli lilikuwa limebaki moja.

Dada hakumfanyia hivyo hata siku moja. Kwake mama alitoa neno asubuhi kama mtu anayeweka kitu juu ya meza na kuondoka. Nakumbuka alipoposwa. Mama alimwambia wakati wa chai kwamba watu wamekuja, akataja ni wa wapi, akaendelea kumimina. Shangazi yetu alikuwepo, na shangazi hakuwa mtu wa kuvumilia.

"Mbona humuulizi anasemaje?"

"Hajasema bado."

"Hilo naliona, wifi yangu. Ndo maana nnakwambia muulize."

"Ukimuuliza sasa atakujibu ili unyamaze," mama akasema. "Unalitaka jibu hilo?"

Shangazi akasema nyumba hii mtu anaweza kuzeeka akisubiri kupewa sukari. Dada alicheka, lakini hakujibu. Alijibu wiki nyingine, akiwa anaanika nguo, na jibu lilikuwa "ndiyo" na hakuongeza neno.

Mama alitujua hivyo, kila mmoja na njia yake, na alipofariki ujuzi huo alikwenda nao. Sisi tulibaki watu wawili ambao maisha yao yote walikuwa wakizungumza kupitia kwa mtu wa tatu, wasijue.

Miaka michache baada ya mazishi nilikuwa Mombasa. Kilikuwa ni kipindi kile ambacho nyumbani kunaniita, hata harufu ya chumvi kwenye kanga mbichi inatosha kunikumbusha. Mtu mmoja wa Unguja alinionyesha kwenye simu picha za nyumba mpya zinazojengwa Fumba: nyeupe, zenye madirisha makubwa na njia zilizopandwa maua. Nikamfikiria dada na kikohozi chake cha kila masika, na kile kiwambaza kinachotoa maji. Nikawa natembea barabarani baada ya Isha huku namrekodia sauti kwenye simu, moja baada ya nyingine.

Nilimwambia tuiache Kiponda. Nilimwambia nyumba ile mbichi itamuua. Tukodi Fumba, mimi nirudi moja kwa moja, yeye apate dirisha linalotazama magharibi ili mwanga wa alasiri uangukie kitambaa. Sauti ya pili nikajiuliza kama wateja watatufuata huko. Ya tatu nikasema watatufuata, kofia nzuri mtu huifuata. Nilizungumza mpaka chaji ikaisha, nikalala nimefurahi.

Asubuhi yake nilipoamka Fumba ilikuwa imenitoka. Niliikumbuka ile nyumba ya Kiponda, baridi ya sakafu yake mchana wa jua kali, nikaona haiwezekani kuiacha, jeneza la mama limetokea pale. Sikumwambia dada kwamba nimebadili mawazo, kwa sababu kwa hesabu zangu nilikuwa sijasema kitu bado. Nilikuwa nafikiri. Yeye alinijibu neno moja tu kwa maandishi: "Nimesikia." Siku nyingi baadaye akaandika: "Ramadhani unakuja?" Nikasema nakuja, inshallah. Fumba haikutajwa tena na yeyote, nikajua imekufa yenyewe kama mambo yangu mengi.

Nilikuja siku chache kabla ya mfungo. Kutoka bandarini mpaka kwetu nakwenda kwa miguu, na sikuzote huwa napita njia ndefu makusudi, nipite kwenye harufu ya mkate, nipite kwa fundi saa, nicheleweshe ile furaha. Nilipoingia kichochoroni nikakuta vumbi. Mlango wetu ulikuwa umefunguliwa pande zote mbili, na ndani kuna mafundi. Chokaa ya baba ilikuwa imekwanguliwa mpaka kwenye mawe. Uani mifuko ya saruji imepangwa juu ya kisima.

Fundi mmoja akanitazama na begi langu. "Unamtafuta nani, bwana?"

"Mimi wa hapa."

"Wa hapa washahama. Alikuwepo bibi mmoja. Katoka na vitu vyake, kenda Amani."

"Nani kamtoa?"

"Hakuna aliyemtoa. Kaja mwenyewe kutoa funguo, wenye nyumba hawakuamini. Pisha kidogo kaka, natoa kifusi."

Nikampisha. Kifusi kile kilikuwa ni ukuta uliotenganisha chumba cha mama na changu, na alikitoa kwa karai kama kifusi chochote.

Amani nilimkuta dada ndani ya vyumba viwili vya kukodi, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na pembeni yake maboksi yamefungwa kamba, mengine mpaka juu ya kabati. Hakuwa amefungua hata moja ila la vyombo. Na alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Umechelewa. Mi nshakwenda Fumba peke yangu nikaziona. Kuna moja ina dirisha kama ulivyosema."

Nilikaa juu ya boksi.

"Dada, funguo umewapa?"

"Nimewapa."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si ulisema tuhame?"

"Nilikuwa nafikiri tu."

"Ulikuwa unafikiri." Akaweka kitambaa chini. "Unanijazia simu sauti, unanitajia mpaka dirisha nitakalokaa nikashona, kumbe unafikiri. Sasa wewe siku ukisema unasemaje?"

"Na wewe mbona hukunambia unawapa funguo?"

"Nilikuwa nafikiri," akasema.

Tulitazamana. Mtu mwengine angecheka, na siku hizi nikilikumbuka nacheka mwenyewe. Siku ile hakuna aliyeweza.

Aliniambia baadaye, kidogo kidogo, alivyofanya. Alizisikiliza zile sauti mara moja, akazima simu. Akalibeba lile neno wiki nyingi ndani ya nyumba ile. Aligusa kila kitu, alikaa kila chumba, aliaga bila ya kumwambia mtu kwamba anaaga. Usiku alikuwa haupati usingizi. Mwisho akaona kama mimi, mtu nisiyekaa mahali, nimesema nitarudi na nitakaa, basi nyumba ni ndogo kuliko hilo. Akatoa funguo. Aliponyamaza alikuwa anajikata pande mbili, na mimi Mombasa nilikuwa nalala usingizi mzuri kwa sababu hajasema kitu.

Fumba hatukuiweza. Ilitaka watu wawili wenye shughuli iliyosimama, na mimi nilikuja na begi. Kiponda haikurudi. Tulifunga Ramadhani ile pamoja katikati ya maboksi. Kila nilichopendekeza, kwamba twende Bububu, kwamba nifungue pahala pa kufulia Darajani, kwamba tuwaombe wenye nyumba, aliniuliza bila ya kuinua kichwa: "Hilo umelisema au umelifikiri?" Mwanzo lilikuwa la mzaha. Ilipofika Siku Kuu halikuwa mzaha tena, na baada ya Siku Kuu hakuuliza. Alikuwa hasikilizi. Nilimwona akiniacha nizungumze kama mtu anavyoacha mvua ipite, nikaogopa. Nikaondoka kabla hajanambia niondoke.

Safari hii sikuvuka bahari. Nilikwenda Kiwengwa, nikapata kazi ya udobi katika hoteli kubwa ya pwani. Huko hakuna kofia, kuna mashuka na mataulo yasiyokwisha. Mwenzangu kwenye pasi alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole, anayefanya kazi kama anayesali. Hatukuelewana. Nilikuwa naingia asubuhi nikisema tuanze na mashuka, hapana, mataulo, wageni wa bwawa wataamka mapema, au tuanze na ya mgahawa. Yeye alikuwa ameshahamisha marundo mara tatu kabla sijafika mwisho wa maneno yangu. Akinuna, mimi nikiona ana kiburi.

Siku moja hoteli ikatuletea semina. Tulikusanywa kwenye ukumbi wa chakula, wapishi, wahudumu, walinzi, sisi madobi. Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alisema kila mtu ana namna yake ya asili ya kufikiri, na mengi tunayoyaita dharau au ubishi kazini ni namna mbili zimekutana. Kisha akatutaka tusimame pembeni mwa ukumbi: wanaofikiri kwa kusema waende huku, wanaofikiri kwa kunyamaza kule.

"Na tunaofikiri tukishakula?" mpishi mmoja akauliza.

"Nyinyi kaeni karibu na mlango wa jikoni," akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Mimi nilikwenda kwa wasemaji, hata sikujiuliza. Kona yetu ilikuwa soko. Kule upande wa pili walisimama kama watu waliokuja kuhani msiba, mikono nyuma, mmoja anatazama dari. Mwenzangu wa pasi alikuwa kati yao. Nikawatazama, nikamwona dada yangu pale. Namna walivyosimama. Angekuja Kiwengwa siku ile angekwenda moja kwa moja kwenye nafasi iliyokuwa wazi karibu na dirisha.

Mwalimu akawauliza wale wa kimya ni kitu gani kinawaudhi kwetu. Hakuna aliyejibu. Kona yetu tukaanza kuwajibia, mmoja akisema wanatuona tuna kelele, mwengine wanatuona waongo. Mwalimu akainua mkono tunyamaze, akangoja. Kile kimya kilikuwa kirefu mpaka nikahisi mwili unaniwasha. Halafu mwenzangu wa pasi akasema, polepole:

"Wanatutwisha mizigo. Mtu anasema jambo, mimi nalichukua. Nakwenda nalo nyumbani, nalala nalo. Asubuhi namletea, yeye hajui hata kama alilisema."

Mwalimu alieleza mengine mengi baada ya hapo. Alitugawa tena kwa makundi na rangi, mengi sikuyashika, na sidhani kama watu wanagawika vizuri hivyo. Lakini lile la mzigo nilitoka nalo. Nilikwenda ufukweni maji yamekupwa, wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, nikamwona dada wiki zile zote Kiponda, peke yake, na neno langu kichwani mwake kama ndoo ya maji isiyo na pa kutuliwa. Nilitamani kurudi nyuma nikalipokee. Hakuna njia ya kwenda huko.

Na mwenzangu wa pasi tulifanya mapatano kesho yake. Nilimwambia nikiwa natembea na kuzungumza asiinue kitu. Nikisimama nikamtazama, hapo nimesema.

"Na mimi nikinyamaza," akasema.

Nikangoja amalize.

"Usimalizie wewe," akasema. Akatabasamu, kwa sababu nilikuwa kweli nimeshafungua mdomo.

Tulifanya kazi vizuri tangu siku hiyo. Sikumpenda zaidi wala yeye mimi, lakini marundo yalikuwa yanahamishwa mara moja tu, na mchana tukapata wakati wa kunywa chai. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Amani.

Nilijizoeza njiani. Mimi, mtu wa fomu foo, mtu wa miaka arubaini na kitu, nilijizoeza sentensi kama mtoto anayetumwa dukani. Dada alikuwa amekaa na kazi yake, uwanjani kuna mechi na kelele zinakuja na kuondoka. Maboksi yalikuwa bado yamefungwa, mwaka na zaidi. Nilimwamkia, nikakaa.

"Dada, nina neno moja. Nimelimaliza huko huko nilikotoka."

"Umelimaliza wewe?"

"Nimelimaliza. Nataka kurudi. Wewe ushone, mimi nifue, tukae nyumba moja. Basi. Usinijibu leo."

"Kwani nilitaka kukujibu leo?" akasema. Lakini sindano ilikuwa imesimama.

Nilirudi Kiwengwa. Siku zile za kungoja sizitamani tena. Nilikuwa naandika ujumbe na kuufuta. Nilikuwa narekodi sauti ndefu, zenye mipango na viapo, natembea nazo ufukweni mpaka mwisho, kisha nazifuta kabla hazijakwenda. Kulala nilikuwa nalala, lakini ndotoni niko kichochoroni Kiponda, nasikia mama anateka maji, na kila nikifika mlangoni kuna mtu anatoa kifusi nimpishe. Nilikuwa nimezoea kuikumbuka nyumba nikiwa mbali nayo kwa bahari. Kuikumbuka nikiwa kisiwa hicho hicho, na yenyewe haipo, ni kitu kingine, na sijakizoea mpaka leo.

Mwishowe akaandika: "Njoo Ijumaa." Nilikwenda. Alikuwa na kitambaa kipya magotini, kimechorwa chote, juu na ubavuni, maua ambayo sijawahi kuyaona kwake. Hakuna tundu hata moja lililotobolewa.

"Nyumba moja hapana," akasema. "Sasa hivi hapana. Tafuta chumba hapa karibu. Uani kwangu pana jua, fulia hapa, nitakuwa nakuona. Hii kofia naianza kesho. Ikimalizika upo, tutatafuta nyumba, mimi na wewe. Ikimalizika hupo, usinitajie nyumba tena maisha yako."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilisema, "Nimesikia."

Basi nina chumba, nyuma ya maduka, chenye dirisha dogo na mlango unaogoma kufunga. Hoteli nimeiacha. Alasiri nakuja uani kwa dada na ndoo zangu na kalibu zangu. Kofia za mtaa zimeanza kuja, chache. Yeye yuko ndani na ile kofia, amemaliza ubavu, sasa yuko juu, na hashoni haraka hata kidogo. Kuna siku naona anapunguza makusudi, na kuna siku naona ni mimi tu.

Miguu yangu haijabadilika. Nikisikia boti inaondoka nahesabu ni ipi. Juzi akanipigia mtu wa Maskati, yule niliyekuwa nikifulia chumbani kwake. Kazi imekuwa nyingi, ananitaka, tiketi ataituma. Nikafika kwa dada nikiwa nalo kinywani, nikaanza kutembea baina ya mlango na dirisha.

"Nikienda miezi mitatu narudi na kitu cha kuanzia. Lakini miezi mitatu kofia itakuwa ishakwisha. Niende mmoja. Mmoja hautoshi, nitakuwa ndo kwanza nimezoea..." Nikasita.

Hakuinua kichwa. "Mbona umenyamaza?"

"Usije ukalichukua."

"Silichukui," akasema. "Nikikuona unatembea nakufanya redio ya jirani. Endelea."

Nikaendelea. Nilizungumza kuhusu Maskati, ile chai yao, mzee wa kofia ambaye pengine bado yuko hai. Nilizungumza mpaka nikafika mahali ambapo sikukusudia kufika. Nilisema hakuna boti wala ndege inayokwenda ninakotaka kwenda mimi. Nilisema nautaka ua ule na kisima kile, na mtu wa kukuna nazi huku nasema upuuzi. Yeye aliacha kushona hapo. Alitazama dirishani, ambako hakuna kitu cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Nilikaa ndani ya kile kimya chake kwa mara ya kwanza bila ya kutafuta pa kutokea.

Kisha nikasimama, nikamtazama.

"Siendi," nikasema.

Alinitazama, ameshika kile chuma cha kutobolea. Hakujibu, na sikumngoja ajibu. Nilitoka kwenda uani nikapike wanga, kwa sababu kulikuwa na kofia mbili za watu hazijavalishwa na jua lilikuwa limeshaanza kuuacha ukuta.